Nafasi tatu mkononi, mfukoni hamna kitu

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 25. Nina shahada ya kwanza ya mikrobiolojia, na kwa miaka miwili sasa nafanya kazi katika maabara ya hospitali: naotesha vimelea na kupima ni dawa ipi inawaua na ipi wanaicheka. Ninachotaka maishani ni kuwa mtafiti wa usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki.

Mwaka jana niliomba vyuo sita. Vitatu vimenikubali, na badala ya kufurahi, silali.

Cha kwanza kiko Uingereza, uzamili wa mwaka mmoja. Jina lake ni kubwa, kila ninayemtajia anashtuka. Ufadhili hakuna hata senti, na natakiwa nilipe amana ndani ya wiki tatu ili nafasi isiende kwa mwingine. Mjomba amesema yuko tayari kuweka nyumba yake rehani nipate mkopo, nitaulipa nikianza kazi.

Cha pili kiko Kanada, uzamili wa utafiti wa miaka miwili. Profesa mwenyewe alinipigia simu ya video, tukaongea karibu saa nzima juu ya kazi yake, na kazi yake ndiyo hasa ninayoitamani. Aliniambia, "Fedha zisikusumbue, nitakulipa kutoka kwenye ruzuku yangu." Baadaye nikaangalia orodha ya miradi yake, nikaona ruzuku hiyo inaisha mwakani. Anataka jibu ndani ya siku kumi.

Cha tatu kiko Marekani, uzamivu moja kwa moja bila kupitia uzamili. Barua inasema nimesamehewa ada, nitapewa posho na bima ya afya kwa miaka mitano, kwa sharti kwamba nifundishe wanafunzi wa shahada ya kwanza na masomo yangu yaende vizuri. Mwaka wa kwanza nitapita maabara tatu kabla ya kuchagua moja. Jibu wanalitaka kabla ya tarehe 15 Aprili. Tatizo ni kwamba chuo chenyewe hakijulikani. Mjomba alipokitafuta kwenye simu aliniuliza, "Hiki nacho ni chuo?"

Rafiki zangu wanasema nichukue jina kubwa, skolashipu nitaitafuta nikiwa huko huko. Nimeshajaza fomu kumi na nne za skolashipu, na nilikuwa najiandaa kuomba ule mfuko wa NSF, shirika la taifa la sayansi la Marekani, ambao kila orodha inautaja wa kwanza. Sijajibiwa na yeyote, isipokuwa shirika moja linalosema nimeshinda, nitume tu ada ya kuachilia fedha. Bado sijatuma.

Natamani kumuuliza yule profesa kuhusu ruzuku yake lakini naogopa. Dada mmoja aliyesoma nje aliniambia ukiuliza pesa mapema wanakuona una njaa. Nifanye nini?

Niliye Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu.

Hilo shirika kwanza, tulimalize: usitume hata shilingi. Chuo kinaweza kukutoza ada ya kuomba nafasi, hilo ni jambo la kawaida, na vyuo vingi huisamehe ukiandika na kueleza hali yako. Lakini mfadhili anayetaka umlipe ili naye akulipe ni mwizi, hata kama nembo yake inang'aa.

Na ule mfuko wa NSF ufute kwenye daftari lako leo. Ni mfuko mzuri, upo tangu 1952, unamlipa mwanafunzi miaka mitatu ndani ya kipindi cha mitano, lakini ni wa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu huko. Unatajwa wa kwanza kwenye kila orodha kwa sababu wanaoandika orodha hizo wanawaandikia wenzao. Ndiyo maana nakuonea huruma na fomu zako kumi na nne: nina wasiwasi nusu yake hukustahili kuomba tangu mwanzo. Mstari wa kwanza wa kusoma kwenye tangazo la ufadhili ni ule wa nani hatakiwi. Kiasi cha fedha kinaweza kusubiri.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Umeziweka barua tatu mezani ukazipanga kwa ukubwa wa jina. Mimi ningezipanga kwa swali lingine: nani anamlipa nani? Katika fani yetu, uzamili wa kufundishwa ni bidhaa. Chuo kinauza, wewe ni mteja, na kadiri jina linavyokuwa kubwa ndivyo bei inavyopanda. Uzamivu wa maabara ni kinyume chake. Maabara haiendi bila mikono ya kushika pipeti, na mikono hiyo ni wanafunzi. Kwa hiyo katika sayansi za uhai, katika nchi nyingi zenye maabara kubwa, mwanafunzi wa uzamivu hulipwa, na hakuna anayeona ni hisani. Uswidi na Uholanzi huwa ni mwajiriwa mwenye mkataba. Ujerumani wengi huajiriwa kwa sehemu ya mshahara, na asilimia 65 ni kiwango utakachokisikia mara nyingi. Mtu akikuambia uingie uzamivu wa baiolojia kwa fedha yako mwenyewe, ujue kuna mahali pameharibika.

Uzamili ndio pagumu, na hapo hapo ndipo nyumba ya mjomba itakapobanwa. Mkopo wa uzamili wa mwaka mmoja hulipwa na kazi inayofuata. Kwako kinachofuata ni uzamivu, yaani miaka minne hadi sita ya posho inayotosha chumba na chakula. Riba haitakusubiri umalize. Na uangalie jambo moja ambalo naona limekupita: barua yako ya tatu inakupeleka uzamivu bila uzamili. Marekani hilo ni la kawaida katika fani yetu. Kwa hiyo unafikiria kukopa ili ununue ngazi ambayo mtu ameshakuambia huihitaji.

"Nitatafuta skolashipu nikiwa huko huko" ni ushauri ambao umewaumiza wengi, kwa sababu fedha nyingi za masomo huamuliwa kabla hujapanda ndege, na mara nyingine kupanda kwenyewe ndiko kunakokutoa. DAAD, shirika la Ujerumani lililoanza 1925, kwa skolashipu zake nyingi huuliza umekaa Ujerumani muda gani, na ukizidi miezi 15 umekosa sifa. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya, ambayo haibagui uraia, haimchukui mtu aliyeishi au kufanya kazi kwenye nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 katika ile 36 iliyotangulia kuajiriwa kwake. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, hufunga maombi karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo kwa miaka yako miwili ya hospitali nadhani unazo. Kama roho yako iko kwenye kile chuo cha Uingereza, andika uombe wakusogezee nafasi mwaka mmoja, na mwaka huo uutumie kuomba Chevening na skolashipu za Jumuiya ya Madola. Wakikataa kusogeza, achana nao. Amana usilipe.

Sasa Kanada. Hapa nitakaa kidogo, maana naona moyo umeshaenda.

Fedha ya mwanafunzi wa maabara inaweza kuwa kwenye mkono mmoja kati ya mitatu. Inaweza kuwa mkononi mwako, skolashipu yenye jina lako, na ukihama maabara mara nyingi unahama nayo. Inaweza kuwa mkononi mwa idara, na hapo unailipia kwa kufundisha. Au iko mkononi mwa profesa, kwenye ruzuku yake. Hakuna mkono ulio mbaya kwa asili yake, ila kila mmoja unakupa uhuru tofauti. Mwenye skolashipu yake anaweza kumwambia msimamizi, "Hapana, swali hili halinivutii." Anayelipwa na ruzuku ya msimamizi anafanya kile ambacho ruzuku iliahidi. Ruzuku ikisema bakteria wa Salmonella, utafanya Salmonella. Na mkono huo ukikauka, unakauka nawe ukiwa katikati ya majaribio.

Mimi niliingia uzamivu kwa neno la mdomo. Mwaka wa tatu ruzuku ya maabara yetu haikuongezwa. Msimamizi wangu hakuwa mtu mbaya. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akawa anazungumza na meza badala yangu. Idara ilinipa vipindi vya maabara vya mwaka wa kwanza, siku nne kwa wiki, na majaribio yangu nikawa nayafanya usiku, pale ambapo mashine zilikuwa hazina foleni. Nilimaliza mwaka mmoja na nusu baada ya wenzangu. Kabla ya kuanza sikuwa nimemuuliza swali hata moja kuhusu fedha, kwa woga huo huo ulionao.

Kwa hiyo yule dada simkubalii. Profesa ni mtu anayeishi kwa kuomba ruzuku. Kuhesabu miezi iliyobaki kwenye mfuko ndiyo kazi inayomkosesha usingizi, na mwanafunzi anayeijua hesabu hiyo anaonekana mtu mzima. Anayekasirika ukimuuliza kwa adabu amekufanyia wema, kwa sababu umemjua mapema. Tatizo ni namna ya kuuliza tu. Usimpigie, mwandikie, ili majibu yabaki. Kitu kama hiki, ukiweke katika Kiingereza chako mwenyewe:

"Profesa, nashukuru kwa mazungumzo yetu, na nina hamu ya kujiunga na maabara yako. Ili nijipange, naomba kujua mambo machache. Posho ni kiasi gani kwa mwaka, na ada ikishalipwa kinabaki kiasi gani? Inatoka kwenye mfuko upi, na mfuko huo unaisha lini? Ukiisha kabla sijamaliza, idara huwasaidiaje wanafunzi? Gharama za majaribio ziko ndani ya mradi? Ningependa pia kuzungumza na wanafunzi wako wawili wa sasa, na mmoja aliyekwishamaliza."

Swali la kwanza usiliruke. Kanada ni kawaida kutajiwa posho nzima kabla ya ada kukatwa, na ada ya mgeni huwa kubwa kuliko ya mwenyeji. Nimeona watu wakishangilia tarakimu ambayo theluthi yake inarudi chuoni mwezi wa kwanza. Ile ya Marekani imekwambia ada imesamehewa, kwa hiyo ukizilinganisha zile tarakimu mbili kama zilivyo unajidanganya. Na hata zikishasawazishwa, posho kubwa kwenye mji wa gharama inaweza kukuacha maskini kuliko posho ndogo kwenye mji wa kawaida. Waulize wanafunzi wa sasa sehemu gani ya posho inaenda kwenye kodi ya chumba. Wakikuambia inapita nusu, usipuuze.

Swali la gharama za majaribio linawahusu watu wa fani yetu kuliko wengine. Mwanahisabati akishapata posho amemaliza. Wewe posho inakulisha tu, halafu kuna vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, kuna kusoma mfuatano wa DNA ya bakteria mmoja mmoja, kuna sahani za kuoteshea zinazoisha kama njugu. Nimewahi kumwona mwanafunzi mwenye skolashipu nzuri ya nchi yake akikaa miezi minane bila kufanya lolote la maana, kwa sababu skolashipu ilimlipa yeye na hakuna aliyeilipa maabara. Ukipata mfadhili wako mwenyewe siku moja, muulize kama anatoa fungu la utafiti. Visenti vya kuziba mapengo vipo, kwa mfano ruzuku ndogo za Sigma Xi, jumuiya ya watafiti, kwa wanafunzi watafiti, au fedha za Company of Biologists, shirika la wanabaiolojia, za kwenda kujifunza mbinu kwenye maabara nyingine. Zinasaidia, na zinapendeza kwenye wasifu, ila hazijengi mradi.

Kuhusu ruzuku kuisha mwakani, usihukumu haraka. Ruzuku zote huisha. Ile maarufu ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, iitwayo R01, haizidi miaka mitano kwa awamu moja, na uzamivu wa baiolojia kule mara nyingi unapita mitano, kwa hiyo karibu kila mwanafunzi hushuhudia mfuko ukifa au ukihuishwa. La kujua ni kama ameshaandika andiko la kuuhuisha, kama ana mfuko wa pili, na kama wanafunzi waliotangulia walilipwa hadi mwisho. Hilo la mwisho yule aliyemaliza atakuambia, na sauti yake itakuambia zaidi ya maneno yake. Kwa upande mwingine, uzamili wa miaka miwili ni kipindi kifupi, na vyuo vingi vya Kanada humruhusu mwanafunzi anayefanya vizuri kuhamia uzamivu bila kumaliza uzamili kwanza. Profesa akikuandikia kwamba posho ya miaka miwili imehakikishwa, na idara ikatia saini, barua hiyo ni ya kweli. Siku kumi zisikutishe. Mwombe wiki mbili zaidi na umweleze kwamba una nafasi nyingine unayotakiwa kuijibu mwezi wa nne. Mtu anayekutaka atasubiri wiki mbili.

Ile ya Marekani umeidharau kwa sababu mjomba hakuitambua. Tarehe 15 Aprili uliyotajiwa haikutoka kichwani mwa mtu: vyuo vingi vya huko vimekubaliana kupitia Baraza la Vyuo vya Uzamili kutomlazimisha mwanafunzi kujibu barua ya ufadhili kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo muda unao, na una haki ya kuutumia kuuliza. Waandikie wanaoshughulikia programu, usiwaandikie maprofesa kwanza. Posho hulipwa miezi tisa au kumi na miwili? Swali hili husahaulika, na miezi mitatu ya likizo bila kipato si mchezo, hasa kwa mgeni, ambaye viza ya mwanafunzi haimruhusu kwenda kuosha vyombo mjini, na hata kazi za ndani ya chuo ana kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Utafundisha mihula mingapi? Miwili haina neno, inakufunza kusimama mbele ya watu. Kumi ni ajira nyingine. Kuna ada ndogo ndogo ambazo msamaha hauzigusi? Na baada ya mwaka wa kwanza nani analipa?

Mara nyingi jibu la hilo la mwisho ni profesa utakayemchagua. Kwa hiyo zile maabara tatu utakazopita usizichukulie kama ziara. Unajifunza mbinu, ndiyo, lakini pia unamchagua atakayekulipa na kukusimamia kwa miaka minne. Chunguza ana mifuko mingapi, wanafunzi wake huondoka baada ya miaka mingapi, na kama kuna mgeni yeyote kati yao. Nasema hivyo kwa sababu nafasi za mafunzo za NIH zinazolipa wanafunzi wengi wa biomedisini, zile za T32, ni za raia na wakaazi wa kudumu. Profesa aliyezoea kulipiwa wanafunzi kwa njia hiyo anaweza kukupenda sana kisha akagundua kwamba wewe utamgharimu fedha yake mwenyewe. Bora agundue mwezi wa kwanza. Faida yako ni kwamba nyuma ya profesa ipo idara. Mfuko wake ukikauka, idara inaweza kukurudisha kwenye kufundisha badala ya kukuacha barabarani. Waulize kama wanafanya hivyo, na kama wameshawahi kumfanyia mtu.

Kuhusu jina la chuo: katika maabara watu husoma jina la maabara. Nenda kaangalie makala za usugu wa antibiotiki zilizotoka pale katika miaka mitano iliyopita. Ukikuta watu watatu wanaofanya kazi unayoweza kuifanya kwa furaha, chuo kinakufaa. Ukimkuta mmoja tu, ni hatari, maana mmoja anaweza kustaafu au kuhama. Usipomkuta yeyote, basi mjomba alikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Leo jioni mwandikie profesa wa Kanada ile barua, na kesho waandikie Marekani. Majibu ya Kanada yakija kamili, kwa maandishi, na kinachobaki baada ya ada kinatosha kuishi, nenda Kanada bila kujiuliza mara mbili, kwa sababu kupata mtu anayefanya hasa unachokitaka na anayekupigia simu saa nzima ni bahati ambayo posho haiinunui. Yakija ya mafumbo, "tutaona", "kwa kawaida hakuna shida", chukua Marekani. Uingereza sioni njia, isipokuwa mtu mwingine alipe.

Na ikitokea zote tatu zimevunjika, hujaishiwa. Uko kazini, na hiyo ni bora kuliko kuwa mwaka wa pili wa deni. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hufadhili uzamili wa kusoma katika vyuo vya nchi zaidi ya moja, euro 1,400 kwa mwezi kwa wanaopata skolashipu kamili, na ada nayo hulipiwa. Japani kuna skolashipu za serikali za MEXT, unapitia ubalozini au chuoni, na kuna OIST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Okinawa, inayowalipa wanafunzi wake wote wa uzamivu, inachukua hata wenye shahada ya kwanza, nayo huwazungusha kwenye maabara kadhaa kabla ya kuchagua. Kama wewe ni raia wa nchi zilizo nyuma kisayansi, kuna OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea yenye makao Trieste, Italia, ambayo imekuwa ikifadhili uzamivu wa wanawake katika vyuo vya nchi nyingine zinazoendelea. Utaihitaji baada ya uzamili, lakini iandike pembeni.

Ukiomba tena, kumbuka kwamba bakteria yule yule ana milango mingi. Ukimweleza kama ugonjwa wa wodini, unabisha kwa wafadhili wa afya. Ukimweleza kama kiumbe anayebadilika kwa vizazi chini ya shinikizo la dawa, unabisha kwa wafadhili wa baiolojia ya msingi. Ukimfuata kwenye mavi ya kuku wanaolishwa antibiotiki, wa kilimo watakusikiliza. Hujadanganya mahali popote. Wengi wanaojaza fomu kumi na nne hutuma maelezo yale yale mara kumi na nne.

Nyumba ya mjomba iacheni. Lakini usimkatalie msaada, atajisikia vibaya, na kweli kuna kitu utamhitaji. Posho ya kwanza mara nyingi huingia mwisho wa mwezi wa kwanza, mahali pengine katikati ya wa pili, wakati mwenye chumba anataka kodi na amana siku unayofika. Kuna viza, kuna tiketi, kuna godoro. Fedha hiyo hakuna barua ya udahili inayoitaja. Mwulize mjomba kama anaweza kukukopesha ya miezi miwili, uandike kiasi na tarehe ya kumrudishia.

Na uniandikie profesa akishajibu. Nataka kujua alijibu maswali mangapi.